Mtandao umekatika, au umekatwa?

Haipiti juma mkazi wa Kilimani asiisikie, au asiitamke yeye mwenyewe, mojawapo ya sentensi hizi tatu: mtandao umekataa, mtandao umepotea, mtandao umekatika. Huisikia dukani anapotaka kulipa kwa kadi. Huisikia kwenye dirisha la benki. Huisikia zahanatini anapongoja jina lake litafutwe kwenye tarakilishi. Na huisikia nyumbani kwake saa mbili za usiku, mtoto anapodai kwamba kazi ya shule haiwezi kutumwa. Sisi walimu ndio tunaozisikia zaidi ya wengine wote. Tangu Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona na masomo mengi ya vyuoni yakahamia mtandaoni, sentensi hizo zimekuwa sehemu ya msamiati wa darasa, kama zilivyokuwa zamani "chaki imekwisha" na "kengele imelia".

Kazi yangu ni kuichunguza lugha, na mwenye kazi hiyo hawezi kusikia maneno yakirudiwa namna hiyo bila ya kuyatia kwenye mizani. Anayesema mtandao umekataa ameugeuza mtandao kuwa kiumbe mwenye hiari yake, mfano wa punda aliyegoma njiani na mzigo mgongoni. Anayesema umepotea anauona kama mbuzi: huenda ukarudi wenyewe jioni. Anayesema umekatika anaukaribia ukweli kidogo, maana walau anakiri kwamba palikuwa na kitu kilichounganika. Ila hasemi ni kitu gani, wala kimekatikia wapi. Isitoshe, neno mtandao lenyewe limebebeshwa mizigo mingi mno. Kwa Mkenya wa leo mtandao ni waifai ya sebuleni, ni kampuni ya simu, ni mfumo wa benki, ni waya unaopita chini ya bahari, na ni intaneti ya dunia nzima. Daktari akiambiwa na mgonjwa "mwili umekataa", atampa dawa gani?

Nina sababu ya kuuliza, na sababu yenyewe hainiletei sifa. Mwaka 2020 mwanafunzi wangu mmoja, aliyekuwa amerudi kwao mashambani, alikosa mtihani mfupi niliouweka mtandaoni kwa muda wa saa moja. Aliniandikia maneno matatu tu: "Mtandao umekataa, mwalimu." Siku hiyo nilikuwa nimepokea jumbe za namna hiyo zaidi ya kumi. Nikampa sifuri, na nikajiona mwalimu mwenye msimamo. Sikumwuliza swali hata moja. Miaka mitatu baadaye yakanifika mimi mwenyewe, tena si mashambani bali katika mtaa ambao wauzaji wa intaneti huupigania kama wachuuzi wanavyopigania abiria wa basi.

Ninaishi katika jengo la ghorofa kumi na mbili, si mbali na Barabara ya Kirichwa. Wazee wanaoikumbuka Kilimani ya zamani watakwambia kwamba kwenye ploti kama ile palikuwa na nyumba moja ya chini, bustani, na miti ya jakaranda. Leo ploti hiyo ina familia zaidi ya arubaini. Mwaka 2023 nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa jioni kwa njia ya mtandao kila Jumanne na kila Ijumaa. Mhadhara ulianza saa kumi na mbili na nusu. Yapata saa moja za jioni, sauti yangu ilikuwa ikikatika ghafla. Kwa dakika tano au sita wanafunzi waliachwa wakiikodolea macho picha yangu iliyoganda mdomo wazi. Kisha mambo yakarejea kama kawaida. Kisha, pengine robo saa baadaye, yakaharibika tena.

Nilifanya kila mtu afanyalo. Niliipigia simu kampuni inayotuuzia intaneti. Mhudumu, kwa adabu kubwa, aliniambia niizime ruta, ningoje nusu dakika, niiwashe. Nilipomaliza kuiwasha intaneti ilikuwa imerudi, na sote wawili tukaamini kwamba dawa ilikuwa yake. Sasa najua kwamba ingerudi hata kama ningekaa kimya nikinywa chai. Ni kisa cha mgonjwa aliyepata nafuu akiwa njiani kwenda kwa mganga, na mganga akalipwa. Sisemi kwamba kuzima na kuwasha ni bure. Ruta ikianza upya huomba anwani upya na kuyasahau yaliyoikwaza. Mara nyingi hilo hutosha. Ubaya wake ni kwamba hufuta ushahidi. Taa zilizokuwa zikisema jambo fulani kabla ya kuzimwa hazisemi tena.

Fundi alikuja mara mbili, mara zote saa nne za asubuhi, akapima, akakuta kila kitu shwari. Mara ya pili aliilaumu waifai ya majirani. Shaka yake ilikuwa na msingi. Nikiifungua simu yangu sebuleni naona majina ya waifai zaidi ya ishirini, na katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo vifaa vingi bado huyatumia, kuna njia tatu tu zisizoingiliana. Arubaini wakinong'ona katika chumba kimoja hawasikilizani. Hata jiko la maikrowevu hutumia masafa hayo hayo, na likiwashwa karibu na ruta linaweza kuvuruga mazungumzo. Hata hivyo shaka hiyo ilikuwa na jawabu rahisi ambalo si mimi wala fundi aliyekuwa amelifikiria. Ijumaa iliyofuata niliunganisha kipakatalishi changu na ruta kwa waya, bila ya waifai kabisa. Saa moja na dakika nne mawasiliano yakakatika vile vile. Waifai ikatoka kizimbani.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningelimfundisha mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza anayekwenda nyanjani kukusanya data, lakini ambalo sikuwa nimelifanya kwa ajili yangu. Nilichukua daftari. Nikaandika siku, saa, taa zipi za ruta zinawaka, na nani mwingine ameathirika. Jirani wa ghorofa ya tisa, mteja wa kampuni ile ile, naye alikuwa akikatikiwa saa zile zile. Jirani wa mlango unaofuata, mteja wa kampuni nyingine, hakuwa na neno. Kwa hivyo ubovu haukuwa nyumbani kwangu, na haukuwa mjini. Ulikuwa mahali fulani ndani ya jengo, katika kitu ambacho mimi na mtu wa ghorofa ya tisa tunakitumia pamoja. Siku nilizoandika baada ya majuma matano zilikuwa karibu zote ama Jumanne ama Ijumaa. Jumatano na Jumamosi, hata nilipokesha nikisahihisha, hapakuwa na tatizo.

Nililipeleka daftari kwa msimamizi wa jengo nikitaraji anifungulie chumba cha chini nitazame nyaya. Alilisoma, akacheka, akasema: "Mwalimu, hizi si siku za intaneti. Hizi ni siku za maji."

Wasomaji wa Nairobi wamekwisha kuelewa. Maji ya bomba hugawiwa kwa zamu. Mitaa yetu huyapata siku fulani tu za juma. Yanapokuja hujaza tangi la chini, kisha msimamizi huwasha pampu iyasukume hadi matangi ya juu ya paa. Mota ya pampu, wakati wa kuanza, huvuta umeme mara tano au zaidi ya ule inaouhitaji ikiwa imeshika mwendo. Kwa nukta moja au mbili nguvu ya stima hushuka. Nyumbani taa hupepesa, nasi hatujali. Lakini katika chumba kile cha chini, ukutani, palikuwa na kisanduku cha kugawa mawasiliano kwa wateja wote wa kampuni yetu katika jengo, na mtu aliyekifunga alikuwa amekichomeka kwenye laini ile ile ya pampu. Stima iliposhuka, kisanduku kilizimika, kikawaka, kikaanza kazi upya kwa dakika tano. Tangi la juu likijaa pampu hujizima. Watu wakioga maji yakashuka, hujiwasha. Ndiyo maana ubovu ulijirudia. Kampuni ile nyingine kisanduku chake kilikuwa karibu na kibanda cha bawabu, mbali na pampu. Dawa ilikuwa laini ya pekee na betri ndogo ya akiba. Fundi wa tatu aliimaliza kazi hiyo kabla ya adhuhuri.

Mtu asidhani kwamba mikasa hii ni ya mataifa yenye maji ya zamu. Mwaka 2020 iliripotiwa habari ya kijiji cha Aberhosan, huko Wales, chenye watu wapatao mia nne. Kwa muda wa miezi kumi na minane intaneti ya kijiji kizima ilikuwa ikidorora kila asubuhi saa moja. Nyaya zilibadilishwa, na bado ikadorora. Hatimaye wahandisi walikwenda kulala karibu na kijiji, wakarauka, wakapita njiani kwenye mvua wakiwa na chombo cha kupima kelele za umeme. Saa moja kamili chombo kikalia. Kelele zilitoka katika nyumba moja ambamo mwenyewe alikuwa akiiwasha runinga yake kuukuu kila siku saa hiyo. Runinga ile ilitoa mshtuko wa umeme uliovuruga mawasiliano ya majirani wote. Mwenye runinga aliona haya, akaahidi kutoiwasha tena. Linaloninasa katika kisa hicho ni miezi ile kumi na minane. Wanakijiji walikuwa na habari zote zilizohitajika: walijua saa, walijua kwamba ni kijiji kizima. Wahandisi waliipata runinga baada ya kwenda penyewe, saa yenyewe.

Kuna njia ya kuuliza, na si siri ya mafundi. Msomaji aufuate ujumbe mmoja unaotoka simuni mwake. Simu huzungumza na ruta kwa mawimbi ya redio. Ruta huzungumza kwa waya na kisanduku kilicho ukutani au chini ya jengo. Kutoka hapo ujumbe hugeuka mwanga, ukasafiri ndani ya faiba, yaani uzi wa kioo mwembamba kama unywele, ambao katika mitaa yetu aghalabu huning'inia kwenye nguzo za stima kando ya Argwings Kodhek na barabara nyinginezo. Ukifika kwa kampuni, ujumbe huamuliwa njia. Ikiwa unakwenda kwa mtu au tovuti iliyo papa hapa Kenya, unaweza kupitia KIXP, kituo ambacho kampuni zetu hubadilishana mizigo yao. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 2000, kikafungwa kwa amri baada ya majuma machache, kikaruhusiwa tena mwaka 2002. Kabla yake, barua pepe ya kutoka Kilimani kwenda Hurlingham, kama wahusika walikuwa wateja wa kampuni mbili tofauti, ilirushwa kwa setilaiti hadi ng'ambo ndipo irudi. Ikiwa unakwenda nje, ujumbe huteremka Mombasa na kuingia baharini.

Kila kiungo kina swali lake, na swali la kwanza la yote si "nini kimeharibika?" bali "ubovu umeenea hadi wapi?" Je, ni simu yangu pekee, au na kipakatalishi pia? Ni nyumba yangu, au na ya jirani? Ni kampuni yangu, au zote? Ni tovuti moja, au kila kitu? Mwenye majibu manne ya namna hiyo amekwisha kuvipunguza viungo saba hadi kimoja au viwili, na hajagusa bisibisi. Kwenye kifaa cha faiba kuna taa ndogo iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu maana yake ni kwamba mwanga haufiki tena: waya umekunjwa sana nyuma ya kabati, au tingatinga limepita, au lori refu limezinasa nyaya barabarani. Kuzima na kuwasha mara mia hakutaunga kioo kilichovunjika.

Katika shule na vyuo kuna vitendawili vyake. Chuo kimoja nilichowahi kutembelea kilikuwa na ugonjwa huu: wanafunzi waliofika saa mbili asubuhi walipata waifai barabara, waliofika saa nne waliambiwa na simu zao kwamba wameunganishwa lakini hapana intaneti. Walimu walikuwa wameanza kusema kwamba mtandao "huchoka". Haukuwa umechoka. Aliyeutayarisha alikuwa ameupa anwani kama za ruta ya nyumbani, mia mbili hamsini na kidogo tu, na kila kifaa kilichoingia kiliishikilia anwani yake kwa saa ishirini na nne. Mwanafunzi mwenye simu na kipakatalishi alichukua mbili. Kufikia saa nne viti vyote vilikuwa vimekaliwa, vingine na watu waliokwisha kwenda zao. Kurekebisha hakukuhitaji shilingi moja: muda wa kushikilia anwani ulipunguzwa hadi saa moja, na anwani zikaongezwa.

Kingine nilikikuta katika maabara ya shule ya sekondari. Tarakilishi zilizotolewa kama msaada zilikuwa zikifungua tovuti chache na kuzikataa nyingi, kila moja ikitoa onyo kwamba tovuti si salama. Mwalimu mhusika alikuwa amekwisha kuwaita mafundi wa intaneti mara tatu. Sababu ilikuwa betri ndogo yenye umbo la sarafu, iliyo ndani ya kila tarakilishi, ambayo kazi yake ni kuitunza saa mashine inapozimwa. Zilikuwa zimekufa kwa uzee. Kila asubuhi tarakilishi ziliamka zikidhani ni miaka mingi iliyopita, na tovuti za leo huonyesha hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kwa mashine iliyo nyuma ya wakati, hati zote hizo zilikuwa bado hazijaanza kutumika. Intaneti ilikuwa nzima kabisa.

Na sasa nirudi kwenye sarufi, maana ndiko kuliko na uzito wa jambo hili. Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kwamba Kiswahili kinatofautisha kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. Kikombe kimevunjika, kikombe kimevunjwa. Waya umekatika; waya umekatwa. Kauli ya kwanza hueleza hali, na humnyima msikilizaji nafasi ya kuuliza ni nani. Ya pili humwita mtendaji, hata asipotajwa. Lugha nyingi hazina kifaa chepesi kama hiki, herufi moja tu, cha kupambanua ajali na kitendo. Ajabu ni kwamba sisi tunaomiliki kifaa hicho, inapofika zamu ya intaneti, tunatumia upande mmoja tu.

Februari 2012 intaneti ya Kenya ilipooza kwa siku nyingi. Watu walisema imekatika. Ilikuwa imekatwa: meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa, na nanga ikaukata waya wa TEAMS, ule uliofikishwa Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009. Majuma machache kabla ya hapo hasara isingekuwa kubwa hivyo, lakini mwezi ule ule nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, na mizigo yake ilikuwa imehamishiwa TEAMS. Kisa kikajirudia kwa sura nyingine mwaka 2024. Februari nyaya kadhaa, miongoni mwazo Seacom, zilikatwa katika Bahari ya Shamu. Inaaminika kwamba ni nanga ya meli iliyopigwa kombora ikaachwa ielee. Kisha Mei 12, Seacom na EASSy zikakatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikaathirika, Tanzania vibaya kuliko sisi. Siku hiyo tovuti zenye makao humu nchini zilifunguka kwa urahisi kuliko za nje. Mwalimu aliyejua kutofautisha hizo mbili angewaambia wanafunzi wake, bila ya kupiga simu popote, kwamba ubovu uko ng'ambo ya Mombasa na kwamba ruta ziachwe zipumzike.

Juni mwaka huo huo likaja jambo gumu zaidi. Tarehe 24 Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba haikuwa na nia ya kuifunga intaneti. Kesho yake, Jumanne tarehe 25, vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha na baadhi yao wakaingia majengo ya bunge, intaneti ilididimia nchini kote. Kampuni ya Safaricom ilieleza kwamba nyaya zake mbili za baharini zilikuwa zimepata hitilafu. Mashirika ya kutetea haki hayakuridhika na maelezo hayo. Mimi sikuwa chini ya bahari, na sitajifanya shahidi. Lakini nasema hivi: katika siku kama ile, tofauti ya "umekatika" na "umekatwa" si suala la mtihani wa sarufi. Raia ana haki ya kuambiwa ni ipi, ni waya upi, mahali gani, saa ngapi, na kwa nini siku hiyo. Taarifa isiyo na mambo hayo ni sawasawa na ujumbe wa mwanafunzi wangu wa mwaka 2020, ila mwanafunzi hakuwa na wahandisi wala vipimo.

Na kuna neno la nne, "umefungwa". Novemba 2023, na tena Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, huduma ya Telegram ilizuiwa nchini kwa sababu ilikuwa ikitumiwa kusambaza karatasi za mtihani, za kweli na za uongo. Sina ugomvi na nia ya kuulinda mtihani, ingawa sijaona bado kwamba wezi walikosa njia nyingine. Ninachokikumbuka ni walimu wenzangu waliotumia huduma hiyo kugawa mihadhara, wakishinda siku nzima wakizima na kuwasha ruta zao, wakilipia bando jipya, wakiwashuku majirani kwa kuwaibia waifai. Kila kitu kingine kilikuwa kikifunguka. Ikiwa mlango mmoja tu umekataa na mingine yote ina hewa, aulizwe mwenye ufunguo.

Kwa sababu hizo sikubaliani na wanaosema kwamba elimu hii iachiwe masomo ya tarakilishi. Kueleza ubovu kwa usahihi ni kazi ya lugha, na mahali pake ni darasa la insha vile vile kama ilivyo maabara. Tunawapa watoto mada ya "Siku nitakayoikumbuka daima" mwaka baada ya mwaka; tungeweza mara moja kwa muhula kuwapa "Eleza ubovu mmoja ili mtu asiyekuwepo aweze kuutafuta". Vyuo navyo viache kubandika tangazo lisemalo "hakuna mtandao leo, samahani kwa usumbufu". Tangazo litaje kiungo: waifai ya maktaba, au laini ya kuja chuoni, au mashine ya kupokea kazi. Hilo halimgharimu mtu chochote, labda fahari kidogo.

Kuhusu mwanafunzi niliyempa sifuri, niliandika barua kwa idara baada ya kisa cha pampu. Niliambiwa kwamba matokeo yalikwisha kupitishwa na yeye alikwisha kuhitimu, kwa hivyo kanuni haziruhusu kuyafungua tena. Sikujua wakati ule, na sijui hata leo, kilichomkuta saa ile. Ninalolijua ni kwamba sikuuliza.

Siku hizi karatasi ya maelekezo ya kozi yangu ina maswali manne mwishoni, ya mtu kujibu akikwama: kitu gani hasa hakifunguki, tangu saa ngapi, kitu gani bado kinafunguka, na nani mwingine amekwama. Wengi hujibu kwa uvivu. Muhula uliopita, usiku wa mwisho wa kukusanya insha, nilipata huu: "Mwalimu, data ninayo, simu inashika, tovuti nyingine zinafunguka, ila ukurasa wa kupokelea kazi umegoma tangu saa tatu na robo. Wenzangu wawili, mmoja yuko Kitui na mmoja Kisii, wanapata onyo hilo hilo, na mitandao yetu ni tofauti." Nilimpigia simu mhandisi wa chuo akiwa kitandani. Alirudi kwangu baada ya dakika ishirini, sauti ikiwa na aibu kidogo. Diski ya mashine yetu wenyewe ilikuwa imejaa tangu saa tatu na dakika kumi na mbili.